Kuchapa methali kwenye kitambaa cha ukutani kwa muundo wa kanga: ukubwa wa herufi, mapengo, skrini na rangi

PindoPana:

Wakuu, habari za saa hizi. Natengeneza vitambaa vya kutundika ukutani kwa muundo wa kanga: pindo pande nne, mji (uwanja wa katikati), na jina, yaani ule msemo, chini ya mji. Ninachotaka ni kwamba jina libebe kazi yote. Mtu akiingia chumbani maneno yamfikie kwanza, michoro iyafuate.

Methali niliyochagua ni MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Ninachapa kwa skrini (fremu yenye wavu unaopitisha rangi), rangi ya maji, juu ya bafta nyeupe. Mambo yanayonitatiza ni haya. Kwenye mstari mmoja herufi zinatoka ndogo mno. Nafasi kati ya herufi zinaonekana hazilingani ingawa kompyuta imeziweka sawa. Vitundu vya A na O vinajaa rangi, na kingo zinatoka na meno ya msumeno. Halafu nikifua, rangi inapauka.

Swali la mwisho: majina ya mwanzo ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Je, mtu anaweza kurudia hilo leo kwa methali ya Kiswahili bila kuharibu usomaji?

MkonoWaBrashi:

Dada Pindo, anza na hesabu kabla ya kuwasha kompyuta. Wachora mabango hupima maneno kwa vipande. Kila herufi kubwa ni kipande kimoja, M na W kimoja na nusu, I ni nusu, na nafasi kati ya neno na neno ni nusu. Methali yako ina herufi 26. M zake mbili zinaongeza kipande kimoja, I yake moja inapunguza nusu, nafasi tatu zinaleta kimoja na nusu. Jumla 28.

Sasa chukua kisanduku cha jina chenye upana wa sm 70, acha sm 5 kila upande, zinabaki sm 60. Gawa kwa 28 upate sm 2.1 kwa kipande. Kwa herufi nene za kawaida zisizo na vikia, kipande pamoja na pengo lake ni kama asilimia 80 ya kimo cha herufi. Kwa hiyo kimo chako hakitafika hata sm 3, na ndiyo maana zinaonekana ndogo. Ukiigawa mistari miwili, MTOTO UMLEAVYO juu na NDIVYO AKUAVYO chini, mstari wa juu ni vipande 14.5 na wa chini 13. Sm 60 kwa 14.5 ni sm 4.1 kwa kipande, na kimo kinapanda hadi sm 5. Kipimo cha kusomeka bila kukaza macho ni kimo cha sm 2.5 kwa kila mita 3, hivyo sm 5 inasomeka vizuri ukiwa mita 6. Chumba cha kawaida hakina zaidi ya hapo.

Mstari wa chini utapungua kwa sm 6 hivi. Uache mfupi, uweke katikati. Usivute herufi ili mistari ilingane, kwa sababu ukivuta kwa upana, miguu ya wima inanenepa na ile ya mlalo inabaki ilivyo, na jicho huliona hilo hata la asiyejua kinachomkera. Usikate neno pia. Kiswahili kinabeba maneno marefu, na UMLEAVYO ikikatwa katikati msomaji anapoteza kitenzi. Neno lisipoingia, badilisha kimo au badilisha methali.

Tuje kwenye mapengo. Kompyuta inapima kutoka ukingo wa herufi hadi ukingo wa nyingine, jicho linapima uwazi uliobaki katikati. Methali yako ni ngumu kwa hili, kwa sababu VYO imo mara tatu: UMLEAVYO, NDIVYO, AKUAVYO. V na Y zote zimechongoka chini, kwa hiyo zikikaa jirani vichwa vinakaribia kugusana huku chini panabaki shimo kubwa. Shimo hilo halizibiki. Dawa yake ni kupanga kila kitu kuanzia hapo: weka vichwa vya V na Y karibu kadiri inavyowezekana, mm 3 kwa herufi za sm 5, halafu achanisha herufi nyingine zote mpaka VY isionekane imetengwa. Watu wengi hufanya kinyume, wanaanza na MTOTO kwa sababu ndiyo ya kwanza, wakifika VYO hawana pa kwenda.

Vipimo vya kuanzia kwa kimo cha sm 5: miguu miwili ya wima ikikabiliana, kama U na M, weka mm 9. Wima kwa mviringo, kama D na I, mm 7. Mviringo kwa mviringo mm 5. Kwa AV pima pengo la mshazari, mm 6 au 7, na uache mguu wa A uingie chini ya mkono wa V. Ukiacha A na V kila moja kwenye eneo lake, AKUAVYO itasomeka kama maneno mawili, AKUA na VYO. Kiswahili kimejaa A, na W, V na Y huifuata au huitangulia kila mara: KWA, VYA, YA, WAWA. Ndiyo maana fonti iliyopangwa vizuri kwa lugha nyingine inaweza kukuangusha hapa.

Namna ya kufanya: chapa herufi kwa ukubwa halisi kwenye karatasi, zikate moja moja, zipange juu ya mstari wa penseli na kuzisogeza kwa mkono. Funika zote kwa karatasi mbili ubakize tatu tu, linganisha mapengo mawili yanayoonekana, sogea herufi moja mbele, rudia. Ukimaliza geuza mpangilio juu chini. Maneno yakipinduka unaacha kusoma, unaanza kuona madoa meusi na meupe, na kosa linajitokeza. Ukiridhika piga picha kutoka juu kabisa, kisha rekebisha nafasi kwenye kompyuta zilingane na picha.

Jambo dogo la mwisho: O ipite mstari wa juu na wa chini kwa mm 1 kila upande. Ukiiweka sawasawa na T na M itaonekana imedumaa.

FundiWavu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu mpangilio. Mimi nizungumzie skrini.

Vitundu kujaa na kingo za msumeno ni magonjwa mawili tofauti, usiyatibu kwa dawa moja.

Kujaa kwa A na O kunatokana na rangi kupita nyingi kuliko kitambaa kinavyoweza kunywa. Angalia wavu kwanza. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unafaa maua makubwa ya pindo, lakini kwa herufi tumia nyuzi 55. Ukienda 77 rangi ya maji itakaukia ndani ya wavu haraka zaidi, hasa kwenye joto letu. Cha pili ni mpira wa kuvutia rangi: uwe wa ugumu wa kati, karibu 70, na ukingo wake uwe mkali. Mpira uliolika ukawa mviringo unasukuma rangi badala ya kuikata. Ushike kwa mwinamo wa nyuzi 70 hadi 75, uvute mara moja, mbili zikizidi. Cha tatu, skrini isilale juu ya kitambaa. Bandika vipande vya kadibodi kwenye pembe za fremu ili wavu ubaki juu kwa mm 2 au 3, uguse kitambaa pale tu mpira unapopita, kisha uachie. Wavu uliolegea hautaachia hata ukiuinua vipi. Ukiubonyeza katikati kwa kidole na ukadidimia kwa urahisi, uwambe upya.

Kingo za msumeno zinatoka kwenye emulsheni, ile dawa inayopakwa kwenye wavu na kuganda kwa mwanga. Ama umepaka nyembamba mno, ama haikukauka, ama mwanga haukutosha. Paka upande wa nje (unaogusa kitambaa) mara mbili na upande wa ndani mara moja, ukimalizia ndani ili emulsheni isukumwe nje. Laza skrini upande wa nje ukiangalia chini, gizani, penye feni. Kwa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, unyevu wa hewa ndio adui mkubwa. Emulsheni inaweza kuonekana kavu juu huku ndani bado mbichi, ukipiga mwanga haishiki, na ukiosha inatoka vipande vipande kwenye kingo za herufi. Msimu wa masika iache usiku mzima. Joto la chumba lisipite nyuzi 35, la sivyo itaanza kushika bila mwanga.

Muda wa mwanga hakuna anayeweza kukutajia, unategemea taa yako na umbali wake. Tengeneza ngazi: weka neno AKUAVYO mara sita kwenye filamu moja (karatasi inayopitisha mwanga yenye herufi nyeusi), funika yote kwa kadibodi nyeusi, funua moja kila baada ya dakika moja. Osha, kisha tazama ndani ya A. Penye muda mfupi emulsheni itateleza au itaacha vitobo. Penye muda mrefu mno mwanga umepenya chini ya wino wa filamu na herufi imekonda. Chagua ile ambayo kijipembe cha juu cha A bado kimechongoka. Juu ya filamu weka kioo kizito cha mm 6 kiibane, maana uwazi mdogo kati ya filamu na wavu unatosha kuipunguza herufi.

Filamu ya printa ya leza kwenye karatasi ya tresi inakubali ilimradi nyeusi iwe nyeusi kweli. Ishike mbele ya balbu. Ukiona mwanga unapita kwenye herufi, pandisha nakala mbili moja juu ya nyingine. Na kabla ya kuwasha taa hakikisha kitu kimoja: ukitazama skrini kutoka ndani, upande wa mpira, maneno yasomeke kawaida. Yakisomeka kinyume kutoka ndani, yatachapwa kinyume.

Rangi kupauka baada ya kufua. Bafta dukani imejaa wanga, na rangi inashika wanga badala ya uzi. Fua kwa maji moto na sabuni kabla ya kuchapa, suuza mpaka maji yasiteleze, piga pasi. Kitambaa kitajikunja, mara nyingi kwa asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo kata sm 158 kama unataka kubaki na 150. Ukichapa kwanza ndipo ukafua, herufi zako zitafupaa na mapengo yote uliyohangaikia yataharibika.

Halafu angalia vipimo vya rangi yenyewe. Rangi ya maji ya vitambaa ni gundi nzito pamoja na rangi kali inayochanganywa humo. Kwa kilo moja ya gundi weka gramu 30 hadi 50 za rangi kali. Watu wakitaka nyeusi iliyokolea wanamimina gramu 100 au zaidi, gundi inakosa nguvu ya kuishika yote, na ile ya ziada inatoka majini. Ukiona haikolei, pitisha mara ya pili baada ya ya kwanza kukauka.

Baada ya kuchapa acha saa 24. Piga pasi ya pamba bila mvuke, upande wa nyuma, dakika 3 hadi 5 kila sehemu ukiisogeza taratibu, kisha subiri siku tatu ndipo ufue. Mvuke unarudisha unyevu kwenye gundi wakati unajaribu kuutoa.

BintiLeso:

Hongera dada kwa kulipa jina heshima yake. Nina mawili.

Kwanza, uzito wa maneno. Jina la kanga ni neno linalomfikia mtu. Mama akimtunza mwanawe doti ya MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO, ni nasaha. Kitambaa hichohicho kikitundikwa sebuleni na mwenye nyumba, kinaweza kuonekana kama anamsema mgeni aliyekuja na watoto watundu. Majina ya vijembe ndiyo yanahitaji uangalifu zaidi. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE ni tamko zuri sana likivaliwa, kwa sababu aliyevaa ataondoka nalo. Ukutani linabaki linamwambia kila anayeketi pale, awe rafiki au adui. Kwa ukuta napendelea majina yasiyo na mlengwa: WEMA HAUOZI, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Pili, mchoro. Usichore mtoto na mama kwa sababu tu methali inataja mtoto. Kanga haijawahi kulazimika kufanya hivyo. Tazama korosho: ni mchoro uleule uliokaa juu ya majina ya mapenzi, ya dini, ya ujirani na ya kusutana, na kila mara jina ndilo lililoamua korosho ile inasema nini. Mchoro ukirudia methali, maneno yanageuka kuwa maelezo ya picha, yaani kinyume cha unachotaka. Weka mji mtupu kabisa au wenye nukta tu, utaona jina linavyonguruma.

Na soma tahajia kwa sauti, wewe na mtu mwingine, kabla ya kutengeneza filamu. Methali zenye NG’ hakikisha alama inayotumika ni ile iliyopinda kama koma. Ikisahaulika au ikipotea kwenye skrini, NG’OMBE inachapwa NGOMBE.

PindoPana:

Asanteni sana, nimeyaandika yote. Dada BintiLeso umenigusa kwenye mji mtupu. Nimefikiria hatua zaidi: niache mji bila kitu na pindo lenyewe liwe maneno, WEMA HAUOZI ikizunguka pande zote nne. Nitapangaje marudio yasikatike kwenye pembe? Na wino mbichi wa chapa ya kwanza nitaukwepaje?

MkonoWaBrashi:

WEMA ni vipande 5, HAUOZI ni 5.5, nafasi nusu: jumla 11. Ongeza vipande 2 kwa korosho ndogo ya kutenganisha, unapata 13. Usifuate vipimo vya kanga vya 150 kwa 110, vitakusumbua pembeni. Chukua 150 kwa 120. Toa pembe nne za sm 15 kwa 15, pande ndefu zinabaki 120 na fupi 90. Rudio moja likiwa na urefu wa sm 30, upande mrefu unachukua manne na mfupi matatu, yote kamili. Kipande kinakuwa sm 2.3, kimo cha herufi karibu sm 2.9. Skrini moja ndogo inatosha kwa kitambaa kizima, chapa 14. Kwenye kila pembe weka korosho moja kubwa ya skrini yake.

Uelekeo: juu na chini maneno yasimame wima kama kawaida. Kushoto yasomeke kutoka chini kwenda juu, kulia kutoka juu kwenda chini, ili miguu ya herufi ielekee mjini pande zote mbili. Ukipindua ya chini kwa ajili ya mpangilio wa mzunguko, utapoteza mstari ambao macho hufika kwanza.

Herufi zikiwa nyeupe ndani ya pindo lenye rangi, zinenepeshe kwa mm 0.5 kila upande kwenye filamu. Rangi inapovimba inazila kutoka pembeni. Zikiwa za rangi juu ya nyeupe, fanya kinyume.

FundiWavu:

Kuhusu wino mbichi: chora mistari kwa chaki ya fundi cherehani kila sm 30, chapa la 1 na la 3, subiri yakauke usipate alama ukigusa, kisha la 2 na la 4. Fremu lazima izidi maneno kwa sm 8 hadi 10 kila upande, kwa hiyo ukichapa kwa kufuatana itakanyaga jirani. Kati ya chapa moja na nyingine rudisha rangi juu ya wavu bila kuibonyeza, ili matundu yabaki yamefunikwa. Zima feni wakati wa kuchapa, anza asubuhi. Vitambaa vichache vya kwanza vikitoka na herufi zenye mabaka, rangi imeanza kukaukia ndani: futa kwa kitambaa chenye unyevu kutoka chini, puliza maji kidogo.

TeteNaWino:

Nijibu la herufi za Kiarabu, naona limepitwa.

Inawezekana, na ni kazi ya thamani. Ila elewa kilichokuwa kikifanyika zamani. Mwandiko huo haukuwa umeundwa kwa sauti za Kiswahili. Waandishi wengi waliandika P kwa herufi ya B, V kwa F, na alama moja ya irabu ilibeba I na E, nyingine U na O. Msomaji aliweza kusoma kwa kuwa tayari alizijua lugha na methali. Kwa hiyo methali maarufu itasomeka, lakini msemo uliotunga mwenyewe utawashinda watu. Kama ni mpya, tumia herufi zenye nukta tatu kwa P na CH, na usiache irabu hata moja. Mwarabu anaweza kuandika bila irabu na akaeleweka, Kiswahili hakiwezi.

Kwa mkono, kipimo ni nukta ya kalamu yako ya tete. Katika khati ya thuluthi (mtindo mmoja wa mwandiko wa Kiarabu) alifu, ile herufi ya mstari wima, ina urefu wa nukta saba, kwa hiyo chagua upana wa kalamu utakaokupa alifu inayolingana na herufi zako za Kilatini. Irabu ziandike kwa kalamu nyembamba, karibu theluthi ya ile kubwa. Hapo FundiWavu ataniunga mkono: mstari wowote ulio chini ya mm 1 usiupeleke kwenye nyuzi 55.

Kwa kompyuta, hatari ni programu isiyojua maandishi ya kulia kwenda kushoto. Itakutolea herufi zimeachana na zimepangwa kinyume, na asiyesoma mwandiko huu hatagundua. Mpe msomaji aangalie ikiwa imechapwa kwenye karatasi, kisha geuza maandishi kuwa michoro ndani ya programu ili yasibadilike ukihamia kompyuta nyingine. Kwenye filamu andika JUU na NDANI kwa kalamu pembeni, maana ukiipindua kwa bahati mbaya wakati wa kupiga mwanga jicho halitakuonya kama linavyokuonya kwa MTOTO.

Aya za Qur’ani usiweke kwenye kitambaa ambacho mnunuzi anaweza kukitandika au kujifunga. Methali zinatosha, na ziko nyingi.